Mchana kwa mdogo wako, usiku kwako: joto la Kariakoo na joto la Chanika

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ninaishi Kariakoo, ghorofa ya tano ambayo ndiyo ya mwisho, pamoja na mume wangu, watoto wawili na mama mkwe mwenye miaka 74. Mdogo wangu amejenga Chanika. Februari hii simu zetu zote mbili zinaandika nyuzi joto 32, lakini nikienda kwake saa nane mchana naona kule kuna joto kuliko kwetu. Ajabu ni kwamba ikifika alfajiri wao wanavuta shuka, na sisi tunamwaga maji sakafuni ili tupate usingizi. Nani hasa ana joto zaidi, mjini au shamba? Na mama anateseka. Nimpeleke Chanika?"

Marahaba, dada yangu. Ulichokiona ni sahihi kote kuwili, mchana na usiku, wala hisia zako hazikukudanganya. Tatizo ni kwamba tumezoea kuuliza joto kwa namba moja, ile ya juu kabisa ya mchana, na kwa jiji kama Dar es Salaam namba hiyo ndiyo inayosema machache. Anayetaka kujua jiji limeifanyia nini hali ya hewa yake aangalie kiwango cha chini cha joto, kile kinachopatikana alfajiri. Jiji linauchukua usiku.

Tuanze na simu, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Simu yako haipimi joto la hewa ya nje. Inapokea namba kutoka kwenye kompyuta zinazokadiria hali ya hewa kwa kugawa nchi katika vipande vyenye upana wa kilomita kadhaa, na kila kipande kinapewa wastani wake. Kipande hicho hakijui mtaa wako una upana gani, wala kama juu yako kuna zege au mwembe. Ndiyo maana wewe na mdogo wako mnasoma 32 wote wawili.

Kipimo rasmi nacho kina masharti yake. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kijumba cheupe cha mbao chenye matundu ya kupitisha upepo, kati ya mita moja na robo na mita mbili kutoka ardhini, juu ya nyasi, mbali na majengo. Kwa Dar es Salaam, kituo kinachotajwa zaidi kiko Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Wastani wake wa miaka mingi unasema hivi: Februari joto la juu ni kama nyuzi 32 na la chini ni kama 25, Julai na Agosti la juu ni kama 29 na la chini hushuka mpaka 18 hivi. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza kiwango cha juu na cha chini, inatangaza hewa ya kivulini, juu ya nyasi, mahali penye upepo. Hakuna anayelala hapo. Wewe unalala chini ya zege lililopigwa na jua kutwa nzima.

Sasa kwa nini mchana kuna joto zaidi kwa mdogo wako? Jibu kubwa ni bahari. Kariakoo haifiki hata kilomita tatu kutoka bandarini. Chanika iko ndani, kilomita thelathini hivi. Asubuhi jua likipanda, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda, na hewa ya baharini inaingia kuchukua nafasi yake. Upepo huo mara nyingi unaanza kusikika ufukweni kabla ya adhuhuri, kisha unaingia ndani taratibu. Bahari yetu msimu wa kaskazi ina joto la nyuzi 28 mpaka 30, kwa hiyo hewa inayotoka huko haiwezi kuwa na joto lililopita kiasi. Inaweka kikomo. Masaki, Upanga, Kigamboni ya ufukweni na hata Kariakoo yenyewe wanafaidi kikomo hicho mapema. Upepo ukifika Chanika, umekwisha kupita juu ya kilomita nyingi za ardhi yenye jua, na saa zenyewe zimeyoyoma.

Kuna na jambo la pili, ardhi yenyewe. Februari, kabla mvua za masika hazijaanza, sehemu kubwa ya viunga vya jiji inakuwa udongo mkavu na nyasi zilizokauka. Ardhi kavu haina maji ya kupoteza, kwa hiyo jua lote linakwenda kuchemsha udongo na hewa iliyo juu yake. Ndiyo sababu picha za setilaiti za joto la ardhi, ambazo huenda umeziona zikisambazwa, wakati mwingine zinaonyesha mashamba mekundu kuliko mji wakati wa mchana. Setilaiti inaona joto la uso wa kitu: bati, lami, mchanga. Joto la hewa unayovuta ni jambo lingine, na bati linaweza kuipita hewa ya juu yake kwa zaidi ya nyuzi 20. Kwa hiyo usiruhusu mtu akuonyeshe picha ya saa tano asubuhi kisha akwambie mji hauna joto.

Jua likishazama, mambo yanageuka. Kila kitu chenye joto hutoa mnururo, yaani joto linalosafiri kama mwanga usioonekana, kuelekea angani. Kiwanja cha Chanika, chenye nyumba moja hapa na nyingine kule, kinaiona anga yote. Usiku mkavu usio na mawingu kinapoteza joto kwa kasi, hewa iliyo karibu na ardhi inapoa, na ikifika saa kumi na moja alfajiri mdogo wako anatafuta shuka. Mtaa wako wa Kariakoo hauioni anga hivyo. Ukisimama katikati ya mtaa ukaangalia juu, unaona ukanda mwembamba tu kati ya ghorofa na ghorofa. Ukuta unatoa joto, ukuta wa ng'ambo unalipokea na kulirudisha. Kinachofanikiwa kutoroka juu ni kidogo.

Na joto lililohifadhiwa humo si la mchezo. Jua la saa sita kwenye anga safi linamwaga kilowati moja hivi kwa kila mita ya mraba. Paa la mita za mraba 60 linapokea kilowati 60, sawa na pasi 60 za umeme zimewashwa pamoja na kuachwa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo siku za mwanzo za Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linasimama wima juu ya vichwa vyetu. Kuta zinapata jua la mshazari asubuhi na jioni, lakini paa halina pa kujificha. Zege la unene wa sentimita 15 linachukua saa nne au tano kulipitisha joto hilo mpaka ndani. Piga hesabu mwenyewe: jua la saa saba na saa nane mchana linakufikia chumbani magharibi na isha, wakati unapowatandikia watoto. Kisha zege linaendelea kutoa mpaka usiku wa manane.

Ongeza hapo maji yasiyokuwepo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto linalokaribia theluthi mbili ya uniti moja ya Luku. Mwembe mkubwa wenye mizizi iliyofika kwenye maji unavukiza lita nyingi kila siku, na kila lita inaondoa joto hilo kwenye hewa iliyoko chini yake. Kariakoo mvua ikinyesha inakimbilia mtaroni. Haikai udongoni kusubiri mzizi. Halafu kuna joto tunalolitengeneza wenyewe: injini za magari kwenye foleni, majenereta, na mashine za nje za viyoyozi zinazopuliza hewa ya moto kwenye kichochoro kile kile ambacho dirisha lako linafungukia. Kiyoyozi cha jirani kinapoza chumba chake kwa kukuletea wewe joto lake.

Habari hizi zina umri wa miaka mia mbili. Mwingereza mmoja, Luke Howard, alipima joto ndani ya London na nje yake, na alichapisha matokeo kuanzia mwaka 1818. Aliona kwamba usiku jiji lilizidi shamba kwa zaidi ya nyuzi 3 za Farenhaiti, karibu nyuzi 2 za Selsiasi, na mchana kwa wastani jiji lilikuwa limepoa kidogo kuliko shamba. Yaani jambo lile lile uliloliona wewe, kwenye mji wa baridi na makaa ya mawe. Tangu hapo vipimo vya miji mingi vimeonyesha sura hiyo. Katika miji mikubwa tofauti ya usiku huwa nyuzi 2 au 3 kwa kawaida, na usiku mkavu, mtulivu, usio na mawingu inaweza kupita 5. Miji yenye unyevu na upepo wa bahari kama wetu huwa na tofauti ndogo zaidi, maana mawingu na mvuke vinazuia hata shamba lisipoe sana. Hapa kwetu pengo linaonekana vizuri zaidi Juni mpaka Septemba, anga likiwa kavu na safi.

Lakini lazima niwe mkali hapa, kwa sababu watu wengi huchanganya. Si tofauti yote kati ya Kariakoo na Chanika iliyo kazi ya jiji. Bahari inawazuia wa pwani wasipoe usiku, kama inavyowazuia wasipate joto kali mchana. Ukitaka kujua jiji lenyewe limechangia nini, usilinganishe Kariakoo na Chanika. Linganisha na kijiji kilicho karibu na bahari vile vile, kwa mfano huko kusini mwa Kigamboni kuelekea Kimbiji. Na Kisarawe nako ni jambo jingine: mji ule umekaa juu ya vilima, zaidi ya mita 200 kutoka usawa wa bahari, na hewa hupoa karibu nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nyuzi moja na zaidi ya ubaridi wa Kisarawe ni ya mwinuko tu. Mabonde nayo yana tabia yake. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka. Ndiyo maana bonde la Msimbazi linaweza kuwa na ukungu alfajiri ya Julai wakati waliolala mlimani hawakuuona.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba shamba lina ncha mbili, mchana wa moto na alfajiri ya baridi, na mwili unapata nafuu kwenye ile ncha ya pili. Mjini ncha ya juu imepunguzwa na bahari, ila ncha ya chini imekatwa. Kati ya hizo mbili, hii ya kukosa usiku ndiyo inayoua.

Sisemi hivyo kukutisha. Julai 1995 jiji la Chicago lilipata siku chache za joto kali na watu zaidi ya 700 wakafa. Wengi walikuwa wazee waliokuwa peke yao ndani ya majengo, na usiku haukuwa ukipoa. Agosti 2003 Ufaransa ilipoteza watu karibu 15,000, na waliochunguza vifo vile waligundua kwamba kulala kwenye chumba kilicho chini kabisa ya paa kuliongeza hatari. Moyo wa mtu mwenye miaka 74 unafanya kazi ya ziada kutwa kupeleka damu kwenye ngozi ipoe. Usiku ndipo unapotakiwa kupumzika. Chumba kikibaki nyuzi 31 mpaka alfajiri, moyo ule haupumziki, na kesho yake unaanza siku ukiwa umechoka. Kwetu kuna unyevu pia: usiku wa Februari hewa imejaa mvuke kiasi kwamba jasho linatiririka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi.

Hapo naomba niseme jambo la viwanja, kwa sababu linaniuma. Joto la Dar es Salaam halikugawanywa na mbingu. Oysterbay ilipimwa enzi za ukoloni kwa ajili ya Wazungu, viwanja vipana, miti, upande wa bahari unaopata upepo kwanza. Kariakoo ilipimwa kwa ajili ya Waafrika, viwanja vidogo vilivyobanana, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi ili pawatenge na mjini. Nyumba za kwanza za Kariakoo angalau zilikuwa za chini, na ua nyuma, baraza mbele, ukumbi katikati unaopitisha upepo toka mlango mpaka mlango. Nyumba hizo zimebomolewa moja baada ya nyingine tangu miaka ya tisini, na ghorofa zikapanda kwenye viwanja vile vile vidogo. Ua ukaondoka, upepo ukaondoka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam; ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Wote hao wanahitaji pa kulala, sipingi ghorofa. Napinga ghorofa linalojengwa kama vile usiku haupo: madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yanayofunguka nusu tu, zege tupu juu, na hakuna mti mtaa mzima. Freetown huko Sierra Leone, mji wa pwani wenye bati na masoko kama sisi, mwaka 2021 ulimteua Eugenia Kargbo kuwa afisa anayeshughulikia joto la jiji, na moja ya kazi zilizofanyika ni kuwawekea wauzaji wa sokoni vivuli. Ahmedabad huko India walianza mpango wa jiji wa kukabili joto mwaka 2013, na kupaka mapaa rangi nyeupe ni sehemu yake. Hakuna kati ya haya linalotushinda.

Sasa mama. Kabla ya kumhamisha, nunua vipimajoto viwili vya aina moja, vile vidogo vya ukutani. Vikalishe pamoja siku nzima kwanza uone kama vinasoma sawa. Kama kimoja kinazidi, andika kimezidi ngapi. Kimoja kitundike chumbani kwa mama, ukuta wa ndani, kimo cha kitanda, mbali na dirisha na feni. Cha pili mpe mdogo wako akitundike chumba ambacho mama atalala. Msome saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri, wiki mbili. Usishangae ukikuta Chanika mchana nyuzi 35 au zaidi ndani ya chumba chenye bati bila dari. Bati jembamba linapata joto upesi na kupoa upesi, kinyume cha zege lako. Kwa hiyo kumpeleka mama Chanika kunafaa kwa usiku, lakini mchana lazima awe na mwembe wa kukaa chini yake, au chumba chenye silingi bodi na nafasi ya hewa kati ya bodi na bati. Kumtoa kwenye usiku mbaya ukamweka kwenye mchana mbaya hakutamsaidia.

Ikiwa atabaki Kariakoo kwa sasa, kazi ya kwanza iko juu ya kichwa chake. Zungumza na mwenye nyumba kuhusu kupaka zege la juu rangi nyeupe ya kuzuia maji. Rangi nyeupe safi inarudisha zaidi ya nusu ya jua lililokuwa linaingia kwenye zege, ila vumbi la mjini linaifubaza, kwa hiyo inataka kuoshwa. Kwa wapangaji wa ghorofa ya mwisho sijui kitu cha bei ndogo kinachofanya kazi kubwa kuliko hicho. Akikataa, hata turubai la kivuli lililonyanyuliwa kidogo juu ya zege, upepo upite katikati, linasaidia sana. Dirisha la magharibi lizibiwe jua kwa nje, kwa mkeka au chandarua cha kivuli. Pazia la ndani linalizuia jua likiwa tayari limeshaingia chumbani.

Madirisha yafungue usiku, pande mbili ili upepo upite, na uweke nyavu za mbu. Mchana, saa ambazo nje kuna joto kuliko ndani, punguza. Mnayofanya ya kumwaga maji sakafuni yana faida kama upepo unapita. Madirisha yakiwa yamefungwa mnaongeza mvuke tu kwenye hewa iliyokwisha kujaa. Ni bora kumlowesha mama mwenyewe: kitambaa chenye maji mikononi, shingoni na miguuni, kisha feni impulizie. Feni inasaidia katika joto la vyumba vyetu. Ni pale hewa inapozidi nyuzi 40 ndipo inapoanza kumwongezea mtu joto. Mhamishie chumba chenye ukuta wa mashariki kama kipo, na godoro lisiwe juu sana, maana hewa ya karibu na dari ndiyo yenye joto zaidi.

Ampe daktari orodha ya dawa zake. Baadhi ya dawa za presha zinamkojoza mtu na kumwondolea maji, na nyingine zinapunguza uwezo wa mwili kujipoza. Asiache hata moja kwa uamuzi wake. Daktari ndiye apange kipimo cha dawa kwa msimu wa joto. Wazee hawasikii kiu mapema, kwa hiyo msimsubiri aombe maji. Na mkimwona anaongea mambo yasiyoeleweka, mwili una moto, au amekaa nusu siku bila kukojoa, mloweshe maji mumpeleke hospitali saa ile ile.

Mwambie na mdogo wako asikate miembe iliyopo kiwanjani kwa ajili ya uzio au maegesho, na kama anapanda, mwarobaini na mzambarau ziwekwe upande wa magharibi wa nyumba, umbali ambao mizizi haitaufikia msingi. Chanika inajengwa kwa kasi, na ubaridi wa alfajiri anaoufaidi leo unatokana na ardhi iliyo wazi kumzunguka. Wiki mbili zikiisha niandikie namba nne, wastani wa mchana na wa alfajiri kwa kila nyumba, nami nitakwambia mama alale wapi.